Kabla hujalipa, uliza nani alilipa: mwongozo wa kuchagua historia ya Kisangani

Mzazi wa Mangobo anayetaka mwanawe ajue jinsi mji huu ulivyoingizwa katika biashara ya dunia ana mengi ya kuchagua leo. Kuna vitabu vya bure vinavyofunguka kwenye simu. Kuna fotokopi zinazopita mikononi mwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kuna makumbusho ya Ulaya na Marekani yaliyoweka picha zao kwenye intaneti, kuna filamu, na kuna mji wenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia: kwa pesa hizi na muda huu, anza na hiki, ongeza kile, na kile kingine kisubiri.

Makala hii inalinganisha njia saba za kujifunza kipindi cha 1876 hadi 1910, wakati viwanda vya nchi za mbali vilipoanza kuamua maisha ya watu wa Boyoma, yaani Kisangani. Mwishoni mwa 1876 Henry Morton Stanley na mfanyabiashara wa Zanzibar, Tippu Tip, waliteremka mto Lualaba pamoja. Desemba 1883 Stanley alirudi kutoka magharibi kwa meli za mvuke, akaacha kituo kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Mwaka 1886 kituo hicho kiliangukia mikononi mwa Waarabu na waungwana wao. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akamfanya Tippu Tip huyohuyo kuwa liwali wake hapa, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1893 vita vilimaliza utawala wa Waarabu. Mwaka 1898 reli ya Matadi hadi Léopoldville ilifunguliwa, 1906 ikafuata reli ya kutoka ng'ambo ya mto hadi Ubundu, na tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ikaichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme.

Katika miaka hiyo pembe za ndovu kutoka Afrika ya kati na mashariki zilikuwa zikikatwa vibao vya piano katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, Marekani. Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, mpira wa porini nao ukapanda thamani, na ilipofika 1901 Kongo ilikuwa ikisafirisha karibu tani 6,000 za mpira kwa mwaka. Anayetaka kuielewa Kisangani ya sasa hawezi kuiruka miaka hii.

Vigezo vinne

Bei za madukani hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo nimepanga gharama kwa madaraja: bure, mega chache, fotokopi, kununua, na kusafiri. Kigezo cha pili ni muda. Kitabu cha kurasa 900 ni cha bure kwa anayekiazima, lakini kitamla msomaji jioni nyingi. Cha tatu ni lugha. Anayesoma Kifaransa vizuri na Kiingereza kwa shida asidanganyike na neno bure, maana kitabu cha bure asichokielewa kimemgharimu mega na muda bila faida.

Kigezo cha nne ndicho ninachokiona kikubwa kuliko vyote, na wauzaji hawakitaji: nani alilipa kwanza? Kila kitabu, picha na jengo la kipindi hiki kilikuwa na mtu aliyekigharamia kabla hakijatufikia, iwe gazeti, mfalme, kampuni, serikali au kanisa. Mtu huyo alikuwa na haja yake. Kumjua hakukifanyi kitabu kuwa cha uongo, ila kunakuonyesha upande ambao hakikutazama, na hivyo unajua ununue nini cha pili.

1. Maisha ya Tippu Tip

Gharama: mega au fotokopi. Lugha: Kiswahili. Muda: siku mbili au tatu.

Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee Zanzibar, miaka michache kabla ya kufariki Juni 1905. Maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa jina la Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Anayependa Kifaransa ana toleo la François Bontinck, lililotolewa Brussels mwaka 1974 na akademia ya kifalme ya sayansi za ng'ambo, likiwa na maelezo mengi ya majina na mahali. Akademia hiyo huweka machapisho yake ya zamani kwenye tovuti yake bila malipo.

Unachopata ni sauti ya mfanyabiashara anayehesabu. Anataja frasila za pembe, mikopo ya Wahindi, ndugu waliogawana njia, na machifu waliokubali au kukataa. Anaeleza bila kuficha jinsi alivyojidai kuwa mjukuu wa ukoo wa Utetera, na kwa hila hiyo akapewa utawala pamoja na pembe zilizokuwa zimerundikwa huko. Hakuna kitabu kingine cha kipindi hiki kinachokuonyesha biashara ya Maniema na Maporomoko kutoka ndani, kwa lugha ambayo bado inasemwa katika kata ya Kisangani na Kabondo.

Nani alilipa? Aliyemwomba aandike ni Heinrich Brode, Mjerumani aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Ujerumani Zanzibar. Jarida lililoyachapisha lilikuwa la chuo cha lugha za mashariki cha Berlin, ambako maofisa waliotumwa Afrika Mashariki ya Kijerumani walijifunza Kiswahili. Tippu Tip kwa upande wake alikuwa tajiri wa mashamba na nyumba, na jina lake lilikuwa limechafuliwa sana Ulaya. Alikuwa na sifa ya kulinda. Ndiyo maana mateka na wapagazi wanapita kitabuni kama hesabu tu, na vijiji vilivyochomwa vinaelezwa kama ushindi. Ukisoma hiki peke yake, utawajua wenye misafara bila kuwajua waliobeba mizigo.

2. Vitabu vya Stanley

Gharama: mega chache. Lugha: Kiingereza, na tafsiri za Kifaransa za zamani. Muda: mrefu.

Stanley alikufa 1904, na vitabu vyake vyote vikubwa viko huru katika maktaba za bure za intaneti. Through the Dark Continent cha 1878 kina juzuu mbili, zaidi ya kurasa 1,000. The Congo and the Founding of its Free State cha 1885 kina habari za kuanzishwa kwa kituo cha Maporomoko. In Darkest Africa cha 1890 kinasimulia safari ya kumtafuta gavana Emin Pasha kupitia Aruwimi na Ituri.

Unachopata ni tarehe, umbali, hali ya mto, majina ya vijiji na michoro mingi. Unachokosa ni kiasi. Stanley aliandika ili auze. Safari yake ya 1874 hadi 1877 ililipiwa na magazeti mawili, New York Herald la Marekani na Daily Telegraph la Uingereza, na magazeti hayo yalitaka habari za hatari. Safari iliyofuata, ya kuanzisha vituo vya Kongo, iligharamiwa na Leopold, naye alitaka nchi ionekane tupu, tajiri na inayongoja bwana. Kila mapigano yanayosimuliwa katika vitabu hivi yasomwe na mambo hayo mawili akilini.

Ushauri wangu: usivisome vyote. Tafuta sura za Desemba 1876 na Januari 1877, kisha ziweke kando ya kurasa za Tippu Tip zinazosimulia safari ileile. Stanley anaandika kwamba aliahidi dola 5,000 kwa matembezi 60. Tippu Tip analalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi zake. Mkataba mmoja una wasimulizi wawili wanaopingana, na hapo msomaji kijana anajifunza kupima ushahidi kuliko atakavyojifunza kwa kukariri tarehe mia. Zoezi hilo halikugharimu zaidi ya kurasa 20 za fotokopi.

3. Riwaya ya Conrad

Gharama: mega moja inatosha. Lugha: Kiingereza kigumu, Kifaransa kipo madukani. Muda: jioni mbili au tatu.

Tarehe 1 Septemba 1890 meli ndogo ya mvuke iitwayo Roi des Belges ilifika Maporomoko. Ndani yake alikuwemo baharia wa Kipolandi, Joseph Conrad, aliyeajiriwa Brussels na kampuni ya Kibelgiji ya biashara ya Kongo ya Juu. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Kinshasa, kwa kuwa reli haikuwepo bado, na njiani aliona maiti za watu. Hapa Maporomoko walimpakia wakala mgonjwa wa kampuni, Georges-Antoine Klein, ambaye alifariki kabla ya kufika Kinshasa. Mwaka 1899 Conrad alitoa hadithi yake, Heart of Darkness, katika jarida la Blackwood's la Edinburgh. Kituo cha ndani anachofikia msimulizi wake kinatokana na mahali petu, ingawa neno Kongo halitajwi hata mara moja.

Kwa wingi wa maneno ndiyo nafuu kuliko yote: maneno 38,000 hivi, faili lisilofika mega moja. Unachopata ni shutuma kali juu ya tamaa ya pembe za ndovu, iliyoandikwa na mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho. Unachokosa ni sisi. Watu wa mto katika riwaya hiyo ni vivuli, kelele na viungo vya miili. Wanaopewa maneno ya kusema ni wachache mno, na maneno yenyewe ni machache. Mwaka 1975 mwandishi Chinua Achebe alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts akaeleza kwa nini kitabu hicho kinamdhalilisha Mwafrika, na tangu hapo hakuna mwalimu makini anayekifundisha bila kumtaja.

Nani alilipa? Kwanza kampuni ya pembe, kisha jarida la wasomaji waliopenda habari za makoloni. Mimi ningemshauri mwanafunzi wa fasihi akisome, tena akisome pamoja na Achebe. Mzazi mwenye pesa ya kitabu kimoja tu asianze na hiki.

4. Ripoti ya Casement na picha za Harris

Gharama: mega chache. Lugha: Kiingereza cha ofisini, kinachoeleweka. Muda: siku mbili.

Roger Casement alikuwa konsuli wa Uingereza. Kati ya Julai na Septemba 1903 alipanda mto akawahoji watu wa vijiji vya mpira katika Equateur, na ripoti yake ikachapishwa na serikali ya Uingereza Februari 1904. Hakufika Maporomoko, lakini utaratibu aliouelezea ulikuwa mmoja kwa nchi nzima ya Leopold: kodi ya kazi, mpira na chakula, na askari wa Force Publique wa kuidai.

Ninaipendekeza ripoti hii kwa sababu inafanya kile ambacho mnunuzi yeyote wa sokoni angekifanya: inalinganisha bei. Casement anaandika kijiji kilitakiwa kutoa nini, kwanga kiasi gani, samaki kiasi gani, serikali ililipa mitako mingapi (vijiti vya shaba vya kulipia), na kitu hicho kilikuwa na thamani gani sokoni kwa kweli. Msomaji anaona kwa hesabu jinsi watu walivyofilisiwa. Pia anawasikia watu wakizungumza, kupitia wakalimani, juu ya waliouawa na waliokatwa mikono.

Karibu na ripoti hiyo kuna kazi ya E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Kwa kusoma vitabu vya mizigo tu alitambua kwamba meli zilikuja Antwerp zimejaa mpira na pembe, na zilipokuwa zikirudi Kongo zilibeba zaidi bunduki na risasi. Alijua kwamba mtu asiyelipwa bidhaa hufanya kazi kwa kulazimishwa. Machi 1904 alianzisha chama cha kudai mageuzi Kongo. Silaha yake kubwa ilikuwa picha za Alice Seeley Harris, mmisionari wa Baringa. Picha yake ya baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama kiganja na mguu wa binti yake, ilionyeshwa katika mikutano mingi Uingereza na Marekani. Kwa picha hizo kamera iliingia katika siasa.

Nani alilipa? Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na makoloni yake na biashara yake, na makanisa yaliyokuwa na ushindani na misheni za Kikatoliki. Haja hizo zipo na zitajwe. Hata hivyo tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimika kuituma ilithibitisha mengi mwaka 1905, na hilo ndilo linaloipa ripoti hii uzito. Onyo moja kwa wazazi: picha za Harris si za watoto wadogo.

5. Historia za watafiti wa karibuni

Gharama: kununua, au kuazima. Lugha: Kifaransa na Kiingereza. Muda: wiki kadhaa.

Hapa ndipo pesa inapoanza kuuma, na hapa ndipo uchaguzi unapaswa kuwa makini. Vitabu vitatu vinashindana.

Histoire générale du Congo cha Isidore Ndaywel è Nziem, cha 1998, kina zaidi ya kurasa 900. Ni kazi ya mwanahistoria Mkongo, inaanzia karne nyingi kabla ya Leopold, na inaweka falme, biashara na imani za watu wetu mahali pake. Ni kizito na hakisomwi kitandani. Ni kitabu cha kukaa nacho miaka, na kila shule ya sekondari ya Tshopo ingefaa kuwa nacho.

Kitabu cha Adam Hochschild kuhusu Leopold, cha 1998 pia, kipo kwa Kifaransa kwa jina la Les fantômes du roi Léopold. Kinasomeka haraka, na kinawaunganisha Stanley, Conrad, Casement na Morel katika simulizi moja. Udhaifu wake ni kwamba mashujaa wake wengi ni wageni.

Congo cha David Van Reybrouck, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 2010 na kwa Kifaransa mwaka 2012, kina karibu kurasa 700 na kimejaa mahojiano na Wakongo wazee. Kwa sehemu kubwa kinahusu karne ya 20, kwa hiyo kipindi chetu kinachukua sura chache tu.

Kwa anayesoma Kiingereza na anayependa habari za karibu, A Colonial Lexicon cha Nancy Rose Hunt, cha 1999, kinahusu Yakusu, misheni ya Wabaptisti iliyo chini kidogo ya Kisangani, na kinaeleza hospitali, uzazi, sabuni na baiskeli zilivyobadilisha maisha ya Walokele.

Nani alilipa? Vyuo vikuu, mashirika ya vitabu na wasomaji. Hawa hawakuwa na pembe wala mpira wa kuuza, na hilo peke yake ni sababu ya kuviamini zaidi, ingawa kila mwandishi ana soko lake akilini. Kwa kikundi cha watu watano wanaochangia, ningenunua Ndaywel kwanza na Hochschild baadaye. Waandishi wa sasa wanaishi kwa kazi hii. Inapowezekana nunueni nakala moja halali mzungushe, badala ya kutoa fotokopi ya kitabu kizima.

6. Makumbusho

Gharama: kubwa sana kwa miguu, ndogo sana kwa simu. Lugha: Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza. Muda: saa chache.

Jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, lilizaliwa na maonyesho ya 1897. Kwa maonyesho hayo Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji ili wakazi wa Brussels wawatazame, na saba kati yao walifia huko wakazikwa Tervuren. Jengo kubwa la sasa lilifunguliwa 1910, na baada ya ukarabati likafunguliwa upya Desemba 2018. Hifadhi ya karatasi za Stanley imo humo.

Maonyesho hayo ya 1897 yanafundisha jambo ambalo vitabu vya siasa hulipita haraka: sanaa nayo ilikuwa mteja wa Kongo. Wasanifu kama Paul Hankar na Henry van de Velde walipewa kazi ya kupamba kumbi zake kwa mbao za Kongo, kwa mistari iliyopinda ya mtindo mpya wa Art Nouveau. Serikali ya Leopold iliwapa wachongaji wa Kibelgiji pembe za ndovu ili watengeneze sanamu na kuamsha hamu ya soko. Victor Horta, msanifu maarufu kuliko wote wa mtindo huo, alimjengea nyumba ya fahari Edmond van Eetvelde, ofisa mkuu wa serikali hiyo ya Kongo. Mtalii anayelipa kiingilio kuziona nyumba za Brussels anaangalia sehemu ya hesabu yetu. Ni nzuri kweli, na uzuri wake ulilipiwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani.

Je, mtu wa Kisangani asafiri kwenda Tervuren? Ikiwa ana safari nyingine Ulaya, aende, bila shaka. Kuomba viza na kukata tiketi kwa ajili ya jumba hilo peke yake hakumlipi. Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini, yanafaa zaidi kwa anayeshuka Kinshasa kwa shughuli zake.

Kwa mega pekee, bora kuliko yote ni mkusanyiko wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York. Herbert Lang na James Chapin walikuja kwa niaba yake mwaka 1909, wakapitia Stanleyville, jina la Kisangani wakati huo, wakakaa kaskazini mashariki hadi 1915 wakitafuta okapi na wanyama wengine. Walirudi pia na vitu vingi vya Wamangbetu na picha karibu 10,000. Nyingi zinaonekana bure kwenye intaneti. Matajiri wa New York ndio waliogharamia, na walitaka vitu vya kujaza kumbi zao. Lakini nyuso, nyumba na vinanda vya Wamangbetu vimebaki kwa undani ambao maneno hayaufikii.

7. Mji wenyewe

Gharama: nauli ya toleka na mtumbwi. Lugha: yako. Muda: siku moja.

Njia ya saba watu wa hapa huisahau kwa kuizoea. Maporomoko ya Wagenia yapo, na wavuvi wa Kienya bado wanaweka mitego yao mikubwa kwenye miti iliyosimikwa ndani ya maji, maarifa yaliyokuwepo kabla ya Stanley na kabla ya Tippu Tip. Mgeni wa hapo huombwa kitu kidogo. Patana mapema, lipa kwa heshima, kisha uliza maswali, kwa sababu mzee wa Kienya ni mwalimu kama mwingine.

Vuka hadi Lubunga ukaone kituo cha reli. Reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyoitwa Ponthierville wakati huo, ilifunguliwa 1906 na kampuni ya Maziwa Makuu ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ili mizigo iyaruke maporomoko saba ya Boyoma. Usiitegemee treni kwa safari yenyewe, maana haina ratiba ya uhakika. Ila ukisimama pale unaelewa papo hapo kwa nini mji uko mahali ulipo: meli za Kinshasa zinaishia hapa, na juu yake mto haupitiki. Misheni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyoanzishwa na Padri Gabriel Grison mwaka 1897, inakamilisha safari kwa upande wa kanisa. Mwenye siku ya pili achukue mtumbwi hadi Yakusu.

Nani alilipa? Babu zetu, kwa kazi. Ndiyo sababu njia hii haihitaji kiingilio, na ndiyo sababu haifai kuachwa.

Neno juu ya filamu

Filamu za habari kuhusu Leopold zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini saa moja ya video inakula mamia ya mega, na kwa mega hizohizo ungeshusha vitabu vingi visivyo na picha. Filamu iwe ya kikundi: mmoja apakue mahali penye mtandao mzuri, wengi watazame, kisha mzungumze.

Uchague nini?

Mwenye mega chache tu: Tippu Tip kwanza, Casement pili. Mmoja anakupa hesabu ya muuzaji, mwingine anakupa hesabu ya aliyenyang'anywa. Jozi hiyo ndiyo thamani bora kuliko zote nilizolinganisha.

Mwalimu wa sekondari: kurasa za Stanley na Tippu Tip juu ya mkataba wao, kwa fotokopi, kisha siku moja Wagenia na Lubunga. Wanafunzi waandike wenyewe nani anasema kweli, na kwa ushahidi gani.

Kikundi cha chuo au parokia: changeni kwa ajili ya Ndaywel. Ongezeni Hochschild mwaka unaofuata. Riwaya ya Conrad isomwe na Achebe, kamwe isisomwe peke yake.

Familia yenye watoto wadogo: picha za Lang na Chapin kwenye simu, na Jumapili moja ng'ambo ya mto.

Msafiri wa Ulaya: Tervuren na nyumba za Horta, lakini baada ya kusoma, ili ajue anachokitazama.

Baada ya yote hayo inabaki bidhaa moja isiyouzwa popote. Katika njia hizi zote, wapagazi wa pembe, wanawake waliotwanga chakula cha askari na wavuvi waliopiga makasia wanasemewa na watu wengine karibu kila mara, kwa kuwa hakuna gazeti, mfalme wala kampuni iliyowahi kuwalipa waandike. Waliowaona wamekufa, lakini wajukuu wao bado wapo Lubunga, Yakusu, Ubundu na Kabondo, na habari walizosikia jikoni kwa bibi zao bado wanazo. Simu inayofungua kitabu cha Conrad inaweza pia kurekodi. Ombeni ruhusa, andikeni jina la ukoo na mahali, wekeni nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na moja mpeleke chuo kikuu. Gharama yake ni muda wa alasiri moja na chaji ya betri, na faida yake haitapatikana tena wakishaondoka wazee hao.